Uhai Usioonekana Shambani: Jinsi Vinasaba Vinavyotusaidia Kuujua Udongo

Mkulima anapozungumzia rutuba, aghalabu hufikiria rangi ya udongo, samadi na mbolea ya dukani. Hata hivyo, gramu moja tu ya udongo wenye rutuba yaweza kubeba bakteria wanaofikia bilioni moja, pamoja na kuvu wa namna nyingi. Baadhi yao huozesha mabaki ya mazao, wengine huipatia mikunde naitrojeni kutoka hewani, na wengine huleta maradhi kama mnyauko bakteria wa nyanya.

Kwa miaka mingi wataalamu waliwatambua viumbe hao kwa kuwakuza maabara. Lakini mara nyingi chini ya asilimia 1 ya bakteria wa udongo wanaoonekana kwa hadubini ndio hukubali kuota sahanini. Njia ya vinasaba imepunguza pengo hilo, kwa kuwa haihitaji kiumbe akuzwe kwanza.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, seli hupasuliwa na vinasaba hutenganishwa na udongo. Tindikali za mboji sharti ziondolewe, kwani huzuia hatua inayofuata.

Pili, sehemu maalumu ya vinasaba hunakiliwa kwa mbinu ya PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Kwa bakteria hutumika jeni iitwayo 16S. Nakala huongezeka maradufu kila mzunguko. Hivyo, baada ya mizunguko 30, kipande kimoja chaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni moja.

Tatu, mashine husoma mpangilio wa nakala hizo, nao hulinganishwa na kumbukumbu za viumbe vinavyojulikana.

Tahadhari

Vinasaba vya kiumbe aliyekufa huweza kudumu udongoni. Kwa hiyo, jina kuonekana katika majibu si uthibitisho kwamba kiumbe huyo yu hai na anafanya kazi. Aidha, sampuli ya uchunguzi huu huchukuliwa kwa vifaa safi na kuhifadhiwa kwenye baridi kali. Haianikwi kama ile ya kupima tindikali na virutubisho.

Faida kwa mkulima

Kipimo cha kawaida cha virutubisho hakionyeshi vimelea vya mnyauko. Mkulima aliyepoteza nyanya kwa ugonjwa huo akipanda viazi mviringo au bilinganya mahali palepale, huendelea kuvilisha vimelea hivyo. Kubadilisha na mahindi huvipunguza.

Kwa upande wa maharage, ng'oa miche michache taratibu wakati wa maua, kisha pasua vinundu vya mizizi. Rangi ya waridi au nyekundu ndani huashiria kwamba bakteria wanafanya kazi. Vikikosekana, au vikiwa vyeupe ama vya kijani, mwone afisa ugani wa kata kabla ya msimu ujao, ili akushauri kuhusu kupaka mbegu bakteria wanaofaa. Wakati huohuo, mabaki ya mazao yasichomwe moto: ndiyo chakula cha uhai huo usioonekana.