Kala-azar: Usisahau Kupima Moyo

Ikiwa una jamaa Wajir, Mandera au Garissa, huenda umewahi kusikia habari za kala-azar. Mwaka 2000 na 2001 maradhi haya yalizuka Kaskazini Mashariki na kuwalaza mamia ya watu. Huenezwa na usubi, mdudu mdogo anayejificha kwenye vichuguu. Homa hudumu majuma mengi, mgonjwa hukonda, na tumbo hufura upande wa kushoto kwa kuwa bandama imekua. Wengi hudhani ni malaria sugu. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa.

Leo tuzungumzie moyo. Huko Amerika ya Kusini kuna kijidudu cha ukoo mmoja na hiki, ambacho Daktari Carlos Chagas wa Brazil alikieleza mwaka 1909. Hicho hujichimbia katika misuli ya moyo na kuila kwa miaka mingi. Cha kwetu makao yake ni bandama, ini na uboho. Hata hivyo moyo hausalimiki.

Kwanza kuna upungufu wa damu, unaoufanya moyo uende mbio. Daktari akisikia mvumo kifuani asikimbilie kulaumu vali. Atazame kope, apime damu.

Hatari kubwa zaidi, na hapa nakuomba utege sikio, ni dawa yenyewe. Sodiamu stiboglukoneti imeokoa watu wengi, lakini ina antimoni, ambayo yaweza kuvuruga umeme wa moyo hadi ukasimama ghafla. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Afrika Mashariki ichomwe pamoja na paromomaisini kwa siku 17, badala ya peke yake kwa siku 30. Siku zimepungua; haja ya kuuchunga moyo ingalipo.

Kasoro hii haionekani kwenye eksirei. Hutafutwa kwa kipimo cha umeme wa moyo: nyaya hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora mistari. Hakiumi hata kidogo. Daktari hupima muda ambao moyo huchukua kupiga na kujitayarisha upya. Muda huo, ukisharekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, ukizidi nusu sekunde, sindano husimamishwa. Mchoro wa kwanza ufanywe kabla ya tiba, maana mchoro usio na wa kulinganishwa nao ni kama kesi isiyo na shahidi.

Mgonjwa akizimia, au akihisi moyo unaruka mapigo, mwambieni muuguzi saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Akitapika au kuhara, semeni pia: potasiamu ikipungua mwilini, hatari huongezeka. Wala msimpe vidonge vya dukani kwa siri. Baadhi ya dawa za malaria huvuruga umeme ule ule.

Kwa wazee, waja wazito na wenye maradhi ya moyo, ulizeni kuhusu amfoterisini ya dripu. Mashine ikikosekana, ombeni barua ya kwenda hospitali kubwa, lakini msimrudishe mgonjwa nyumbani kuingojea.