Chai Nyeupe ya Fujian: Jani Lisilosagwa Wala Kukaangwa

Mwaka 1762 Linnaeus, bingwa wa elimu ya mimea wa Sweden, aliupa mche wa chai majina mawili: Thea viridis kwa ule uliodhaniwa kuzaa chai ya kijani, na Thea bohea kwa ule uliodhaniwa kuzaa chai nyeusi. Alikosea. Katika miaka ya 1840 Robert Fortune, Mskoti aliyesafiri katika majimbo ya Zhejiang na Fujian nchini China, alionyesha kwamba chai zote hizo hutoka katika mmea wa aina moja, ambao leo huitwa Camellia sinensis. Tofauti kubwa hutokana na yale yanayolipata jani baada ya kuchumwa.

Vitabu vingi husema kuwa chai nyeupe ni chai "iliyochachushwa kidogo". Mwalimu na atahadhari na neno hili. Uchachukaji hasa ni kazi ya viumbe vidogo, kama hamira igeuzapo sukari kuwa alkoholi na kaboni dioksidi. Jani la chai halihitaji hamira. Ndani ya seli zake mna kemikali ziitwazo katekini, na mahali pengine katika seli hizo hizo mna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi. Jani likiwa zima, vitu hivi viwili havikutani. Seli zikivunjika hukutana, oksijeni ya hewa hushiriki, na katekini zisizo na rangi hugeuka kuwa theaflavini na thearubijini, zenye rangi ya manjano hadi kahawia. Ni oksidisho, jambo lile lile tunaloliona kwenye kiazi kilichomenywa na kuachwa mezani.

Viwanda vya Kericho na Mufindi husaga au huviringa majani ili seli nyingi iwezekanavyo zivunjike. Ndiyo maana chai yetu ni nyeusi. Watengenezaji wa chai ya kijani huwahi kulitia jani moto ili kukiua kimeng'enya. Mtengenezaji wa chai nyeupe hafanyi hili wala lile. Huyatandaza majani yanyauke, kisha huyakausha. Maji, ambayo ni kiasi cha robo tatu ya uzito wa jani bichi, yanapotoka, seli hulegea pole pole na kuvuja, na oksidisho huendelea taratibu mpaka ukavu uizuie. Mwaka 1979 Chen Chuan, mwanachuoni wa Kichina, alipozigawa chai za nchi yake katika makundi sita kwa kufuata utengenezaji wake, chai nyeupe ilipata kundi lake.

Wilaya mbili za Fujian zimesifika kwa kazi hii, Fuding na Zhenghe, na kila moja ina aina yake ya mche wenye machipukizi manene yaliyofunikwa na vinyweleo vyeupe. Hivyo vinyweleo ndivyo vilivyoipa chai jina. Fuding iko karibu na bahari. Wakulima wake wamezoea kuanika majani juani, juu ya nyungo za mianzi, upepo ukipita chini na juu. Zhenghe iko bara, milimani, penye baridi zaidi, na huko desturi ni kunyausha ndani ya nyumba zenye madirisha mengi, kwa muda mrefu zaidi.

Kunyausha huchukua takriban siku moja na nusu hadi tatu, na hapo ndipo penye hatari. Machipukizi bora huchumwa kwa siku chache tu, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, majira ambayo mvua hunyesha mara kwa mara. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hayatoki, oksidisho hupita kiasi, na majani huwa meusi. Jua likiwa kali mno, jani hukauka likiwa bado na ladha ya majani mabichi. Mkulima hana dawa ya kurudisha jani nyuma. Anachoweza ni kuhamisha nyungo kwa wakati, na mavuno ya mwaka mzima ya daraja la juu hutegemea uamuzi huo. (Madai ya wauzaji kwamba chai hii huponya maradhi ni suala jingine, na lisichanganywe na hili.)

Darasa laweza kujaribu kwa bilinganya. Kata vipande vitatu: kimoja kitie katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, cha pili kipondwe, cha tatu kiachwe kama kilivyo. Viangalieni baada ya nusu saa, na mseme kila kipande kinalingana na chai ipi.