Tumbo Likivimba Ghafla, Usisubiri Kukuche
Elimu ya afya kwa kaya za Kigwa na vijiji jirani, Wilaya ya Uyui

Enzi za misafara, wapagazi walivuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, wakapita Tura na Rubuga, ndipo wakafika Kigwa. Njaa ya safari ndefu waliijua. Mwili uliokaa na njaa haushindiliwi chakula: baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari waliona mifuko ya chakula ikitanuka kwa hatari miongoni mwa wafungwa wa vita walioachiwa wakala kupita kiasi. Tatizo hili ni la nadra, lakini huua.

Nini hutokea?
Kwa kawaida mfuko wa chakula wa mtu mzima hubeba lita 1 hadi 1.5. Ukishindwa kusukuma, au njia ya kutokea ikiziba, chakula, maji na hewa hujaa humo hadi lita kadhaa. Mishipa inayoondoa damu hubanwa kwanza, kisha inayoileta. Ukuta uliokosa damu huwa mweusi, hufa na kutoboka. Uchafu humwagika tumboni, vijidudu vikaingia kwenye damu.

Visababishi
- Kula ugali, michembe au matobolwa mengi kwa mkupuo baada ya njaa ya muda mrefu au kujinyima kupita kiasi.
- Kovu la vidonda vya tumbo, au uvimbe, kuziba njia.
- Mfuko wa chakula kujisokota.
- Kisukari cha miaka mingi, upasuaji au ajali.

Dalili za hatari
- Tumbo la juu kuvimba haraka na kukaza kama ngoma.
- Maumivu makali.
- Kutaka kutapika bila kutoa kitu, au kutapika mfululizo.
- Jasho baridi, moyo kwenda mbio, kuishiwa nguvu.

Fanya hivi
Mpeleke mgonjwa saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Mkianzia zahanati, ombeni rufaa ya haraka kwenda hospitali yenye upasuaji, kama Kitete mjini Tabora. Huko hupitishiwa mpira puani kutoa kilichojaa, na hutundikiwa dripu. Sehemu iliyokufa huondolewa kwa upasuaji.

Usifanye
Usimpe chakula, maji, soda, magadi wala dawa ya kuharisha. Usimkande tumbo.

Jikinge
Aliyedhoofika kwa njaa aanze na chakula kidogo kidogo, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Mwenye vidonda vya tumbo anayetapika chakula cha jana akapimwe mapema. Na kila kaya ijue leo ni pikipiki ya nani itakayoitwa usiku.