Subaru ya Tabo Sumbawanga: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kabla Hujamlaumu Fundi

Gereji za Kasense na mitaa mingine ya Sumbawanga zimezoea Fuso za mahindi, Noah, Probox na Land Cruiser. Spea za magari hayo zipo mjini, na fundi huzifungua injini zake huku anapiga soga. Lakini mwenye Impreza WRX au Forester ya tabo, mtumba wa Japani wenye miaka 15 au 20, ana wimbo mmoja: sevisi ni ghali, mafundi ni wezi, gari limelala gereji mwezi mzima. Niseme wazi. Sehemu kubwa ya bili hiyo hailetwi na fundi. Huletwa na umbali, kubahatisha na ubishi wa mwenye gari. Kama hujanunua, soma kwanza. Kama umeshanunua, soma leo.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tenga fedha ya sevisi kabla ya fedha ya kununua. Gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa 30%, mbali na ushuru wa forodha na VAT ya 18%. Wengi wakimaliza kulipa TRA mfuko umekauka, na gari linaingia barabarani na mkanda, plagi na oili zile zile alizoziacha mwenye nalo Japani. Kama hukubakiwa na kitu baada ya TRA, hujamudu gari. Umemudu kulitoa bandarini tu.

2. Jua injini yako inakula nini. Injini ya EJ20, iliyomo kwenye mengi ya magari haya, ina cc 1,994 na silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Inachukua oili lita nne na ushei, na ya tabo inataka sintetiki halisi, ibadilishwe kila kilomita 5,000. Giaboksi ya manyuo na difu ya nyuma zina oili zake mbali. Andika viwango hivyo kwenye daftari ukae nalo garini. Asiyejua lita zake hawezi kujua kama amepunjwa au amezidishiwa.

3. Badili mkanda wa taimingi mara tu gari linapofika. Muda wake ni kilomita 100,000, lakini kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ya mtumba usiziamini. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na kugonga pistoni, na hapo huzungumzii tena sevisi bali injini nyingine. Badili pamoja nao tenshena, roli na pampu ya maji, maana pampu hiyo inazungushwa na mkanda huo huo. Ukiiacha ya zamani ikavuja baada ya miezi sita, utalipa ufundi ule ule mara ya pili.

4. Lipa ufundi kulingana na kazi. Mwenye Toyota hubadilishiwa plagi nne kwa dakika 20, kwa kuwa zimesimama juu ya injini. Za Subaru ziko ubavuni, zimetazama chesi, na nafasi ya kupitisha mkono ni ndogo. Fundi anatoa betri upande mmoja, anatoa boksi la ea klina upande wa pili, kisha anaunga spana vipande vipande mpaka afike. Akivunja plagi ndani ya hedi, kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili. Ukimpunja, ujue kuna plagi moja ataiacha bila kuigusa: ile ya nyuma, ambayo huwezi kuiona.

5. Agiza spea kwa namba ya chesi. Maduka yenye vipuri vya magari haya yako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa. Vichache hupatikana Mbeya. Ukipiga simu kwenye maduka ya Gerezani, Dar, ukasema "nataka ya Subaru ya 2004", utatumiwa kisichofaa, na nauli ya kukirudisha kwa basi ni juu yako. Piga picha ya namba ya chesi na ya kifaa cha zamani kikiwa mezani, zitume zote mbili, ndipo ulipe.

6. Kagua oili mwenyewe kila unapojaza mafuta. Injini za tabo zilizozeeka hunywa oili bila kutoa tone chini, na taa ya oili ikiwaka umeshachelewa. Siku ya kubadilisha, iangalie oili chafu juani kabla haijamwagwa. Ikimetameta, hizo ni chembe za beringi. Usiweke mpya ukaondoka. Sema na fundi siku hiyo hiyo.

7. Heshimu mwinuko wa Ufipa. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji ya wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati injini yenyewe hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni presha inayoshikwa na kifuniko chake. Kifuniko kilicholegea ambacho Dar kingekuvumilia, huku kitakupasulia gasketi ya hedi. Nunua kipya na ujaze kulanti, si maji ya bomba. Ukishuka Muze, bonde la Ziwa Rukwa liko chini yako kwa takriban mita 1,000: shuka kwa gia, na mafuta ya breki yasizidi miaka miwili.

8. Dai kifaa cha zamani na risiti ya EFD. Cha zamani kinathibitisha kwamba kweli kimebadilishwa. Risiti ndiyo itakayokusemea dukani kipya kikifa ndani ya wiki.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usimdharau fundi wa huku, wala usimlazimishe kubahatisha. Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe kwenye malungu, matanuru marefu kuliko mtu, kabla Mjerumani hajafika. Mikono ipo. Kinachokosekana ni spana yenye kipimo cha kubania bolti, mashine ya kusoma hitilafu na uzoefu wa injini hii. Muulize: umewahi kufungua EJ20? Akisema hapana, mshukuru kwa ukweli wake. Mpe oili, breki, bushi na shokapu, halafu kazi ya ndani ya injini ipeleke kwa aliyeizoea, hata kama ni Mbeya.

2. Usibadilishe vifaa kwa kufukuza taa ya injini. Leo sensa, kesho koili, keshokutwa pampu ya mafuta, na taa bado inawaka. Lipia kipimo cha kompyuta kwanza. Hata hivyo kompyuta huonyesha pa kutafuta. Fundi ndiye anayethibitisha kosa.

3. Usiongeze maji gari linalochemsha kisha ukaendelea hadi Laela. Simama, zima, subiri lipoe, vutwa. Nauli ya kuvutwa inauma siku moja. Hedi iliyopinda inataka injini ishushwe, hedi zichongwe zote mbili na gasketi mpya, na katika kila bili ya aina hiyo utakuta mtu aliyesema "nitafika tu".

4. Usikanyage mafuta injini ikiwa baridi. Asubuhi za Juni na Julai hapa ni kali, na oili nzito huchelewa kuifikia tabo. Endesha pole mpaka mshale wa joto utulie. Ukitoka mwendo mkali, iache injini ingurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima.

5. Usipandishe presha ya tabo kwa sababu rafiki yako kapandisha. Injini hizi Japani zilipangiwa petroli ya okteni ya juu. Presha ikizidi na petroli isitoshe, mafuta hulipuka kabla ya wakati, na ukuta mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi hupasuka. Hapo hakuna kuziba. Ni oveholi au injini nyingine.

6. Usinunue rimu, spoila wala mafla ya kelele kabla gari halijakaguliwa breki, bushi na mkanda. Gereji zimejaa magari yanayong'aa yasiyowaka.

7. Usijilinganishe na rali. Impreza ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1996 kwa mkono wa Kenneth Eriksson, 1997 kwa Colin McRae na 2000 kwa Richard Burns, na ushindi huo ndio uliowaingizia vijana wengi wa Afrika Mashariki wazimu wa Subaru. Lakini kila gari la mashindano lilikuwa na kundi la mafundi na lori la vipuri vikilingojea njiani, na shokapu zikibadilishwa kabla hazijafa. Wewe una fundi mmoja, mwenye Fuso tatu zinazomsubiri msimu wa mavuno.

8. Usikubali kazi ianze bila makadirio. Andikeni bei ya vifaa mbali na bei ya ufundi, na mkubaliane kwamba kikiongezeka kitu, simu inapigwa kwanza. Ugomvi mwingi wa gereji huanzia kwenye neno "tutaelewana".

HUKUMU

Gari hili si baya. Linashika barabara ya Tunduma kuliko mengi, na likitunzwa linadumu. Ila asiyeweza kuweka akiba ya sevisi kila mwezi asilinunue. Probox itamfikisha shambani, harusini na hospitali kwa gharama ndogo. Na aliyekwisha kununua akashindwa, aliuze sasa hivi, lingali linawaka. Likishakufa injini, hapa Sumbawanga bei yake itapangwa na mnunuzi wa vipuri.