Moto wa Januari, Mafuriko ya Aprili

Ndugu mkulima wa Chebunyo, ukichoma majani Januari, ardhi hubaki uchi. Masika yakianza Machi, matone huupiga udongo, uso wake hugandamana, na maji hayazami. Hukimbia mteremkoni yakichukua udongo wenye rutuba, hukata makorongo, kisha humfurikia jirani wa bondeni.

Basi fanya hivi:

1. Usichome. Mabua yatandaze shambani.

2. Lima kukingama mteremko.

3. Chimba mtaro, udongo utupe upande wa juu uwe tuta, upande nepia juu yake. Ndiyo "fanya juu" ya wakulima wa Machakos tangu miaka ya 1950.

4. Ukingo wa mto usilimwe.

Anzeni juu ya mlima, nyote pamoja. Tuta la bondeni peke yake litabomoka.