SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: AKIBA YA SERIKALI ZA MITAA KATIKA MFUKO MMOJA

Watumishi na wananchi wanaelezwa hapa namna Serikali inavyosimamia akiba za watumishi wa halmashauri zikiwa katika chungu kimoja. Mfano unachukuliwa Kata ya Lipangalala, katika Halmashauri ya Mji wa Ifakara, bonde la Kilombero.

1. Asili ya Mfuko

Mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali za mitaa Tanganyika ulianzishwa mwaka 1944. Halmashauri moja peke yake haikuwa na uwezo wa kuwekeza kwa faida. Zikichanga pamoja, hasara ya mahali pamoja hufidiwa na faida ya pengine. Kwa Sheria ya mwaka 2006 mfuko huo, LAPF, ukawa mfuko wa pensheni. Miongoni mwa rasilimali zake yalikuwamo majengo ya Millennium Tower, Dar es Salaam.

Sheria Namba 2 ya mwaka 2018 iliunganisha LAPF na mifuko ya PSPF, PPF na GEPF, ikazaliwa PSSSF, iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. Kwa upande wa Zanzibar, watumishi huhudumiwa na ZSSF, iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 1998.

2. Mchango unavyokwenda

Mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri asilimia 15. Tuseme mtumishi wa Lipangalala analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Yeye hukatwa 30,000, mwajiri huongeza 90,000, jumla 120,000. Fedha hizo huchanganywa na za watumishi wengine nchini, kisha huwekezwa katika hatifungani za Serikali, amana za benki, hisa na majengo. Benki Kuu ya Tanzania hutoa miongozo inayoweka ukomo wa kila aina ya uwekezaji, ili yai lote lisiwekwe katika kapu moja.

3. Hatari iliyopo

Usimamizi wa Serikali hauondoi wajibu wa mwajiri. Mtumishi akilipwa kwa mapato ya ndani, kama ushuru wa soko na wa mazao, mchango wake hutegemea halmashauri kuuwasilisha. Usipowasilishwa kwa miezi 12, shilingi 1,440,000 za mtumishi wa mfano wetu hazikuingia katika Mfuko, wala faida yake haikupatikana. Makato kuonekana katika hati ya mshahara si ushahidi kwamba fedha zimefika.

4. Mafao

Kanuni za mwaka 2018 zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Watumishi walilalamika, na mwezi Desemba mwaka huo Rais John Magufuli alisimamisha matumizi yake. Julai 2022 kiwango kikawa asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 Serikali ilitangaza kukipandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani. Fungu linalobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Hivyo mkupuo ukikua, pensheni ya mwezi hupungua. Na ukipungua, mstaafu hukosa mtaji wa nyumba au shamba. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili.

5. Wajibu wa kila mmoja

(a) Mtumishi aombe taarifa ya michango yake kila mwaka, ailinganishe na hati za mshahara, na azihifadhi zote.
(b) Mwajiri awasilishe michango kila mwezi pamoja na orodha sahihi ya majina.
(c) Diwani aulize katika kikao cha Baraza iwapo michango imewasilishwa.
(d) Mwananchi adai stakabadhi anapolipa ushuru, kwani humo mna mshahara na mchango wa anayemhudumia.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtumishi atakayegundua upungufu amwandikie mwajiri wake na kuupelekea Mfuko nakala mapema, kabla ya siku ya kustaafu kufika.