CHIKUNGUNYA: HOMA YA KUPINDA MGONGO

Nilipolisikia jina hili mara ya kwanza nilidhani ni la Kichina. Kumbe ni la jirani zetu! Latokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina likatokana na jinsi mgonjwa anavyopinda mgongo kwa maumivu ya viungo.

Huletwa na virusi, navyo huenezwa na mbu aina ya Aedes, mwenye miguu yenye madoa meupe. Huyu si yule wa malaria. Huuma mchana kweupe, kwa hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Dalili zake ni homa kali, vipele na viungo kuuma, pengine kwa miezi mingi. Hauui wengi, lakini hakuna dawa ya kuangamiza virusi vyenyewe. Mgonjwa hutulizwa homa na kunyweshwa maji mengi.

Sasa sikilizeni ajabu. Mwaka 2004 ugonjwa huu uliingia Lamu wakati wa ukame, wala si wakati wa mvua. Uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa watu wapatao 75 katika kila 100 waliambukizwa. Kwa nini? Maji yalipokuwa haba, watu waliyaweka akiba nyumbani, na mbu akapata pa kutagia. Mwaka huohuo ukafika Mombasa. Mwaka 2005 ukazuka Komoro, halafu kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya thuluthi ya wakazi waliugua. Bara Hindi ikakumbwa 2006, Italia 2007, na visiwa vya Karibi 2013.

Baada ya kusoma hayo nilienda kuchungulia pipa letu nyuma ya bweni, lile tunalojaza mifereji ikikauka. Lo! Viluwiluwi vya mbu tele! Nani aliyewafuga? Ni sisi wenyewe!

Kumwaga maji tu hakutoshi, kwani mayai hugandama ubavuni mwa pipa na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa. Basi kila wiki tulimwage, tulisugue, kisha tulifunike.

Wahenga walinena: ukiona mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Nami naongeza: ukishatia maji, funika pipa!